Gari jipya

gari jipya (wingi: *magari mapya*), kirai nomino, ngeli ya LI-YA.
1. Gari ambalo halijamilikiwa wala kutumiwa na mtu yeyote tangu litoke kiwandani.
2. (Tanzania, lugha ya biashara) Gari lililotumika ng'ambo, lililoingizwa nchini karibuni na ambalo bado halijapata mmiliki wa ndani.
3. (mazungumzo) Gari ambalo mtu amelipata karibuni, hata kama ni la zamani.

Fasili hizi tatu hazina uzito sawa. Ya kwanza ni ya kamusi na ya wakala wa kiwanda. Ya pili ni ya yadi. Ya tatu ni ya nyumbani. Mkulima wa kahawa wa Munanila, katika milima ya Buhigwe (wilaya iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012), anaweza kukutana na zote tatu katika ununuzi mmoja: muuzaji akasema kwa maana ya pili, mnunuzi akasikia kwa maana ya kwanza, na majirani wakashangilia kwa maana ya tatu gari litakapopanda mlima. Hakuna aliyesema uongo. Hata hivyo, mmoja wao amelipa bei isiyo yake, na kilichomponza ni kivumishi.

Umbo na upatanisho

Shina *-pya* lina silabi moja, na kwa sababu hiyo huchukua *ji-* katika umoja wa ngeli ya LI-YA, ilhali mashina marefu yanayoanza kwa konsonanti hayachukui kiambishi chochote: *gari jipya*, lakini *gari kubwa*, *gari zuri*, *gari refu*. Wingi wake ni *mapya*. Katika ngeli nyingine hupatikana *mtu mpya*, *watu wapya*, *mti mpya*, *miti mipya*, *kiti kipya*, *viti vipya*, *nyumba mpya*, *ukuta mpya*, *mahali papya*. Umbo *upya* ni nomino au kielezi: *upya wa gari*, *kupaka rangi upya*.

Katika matangazo ya biashara na mazungumzo ya mijini, Tanzania na Kenya, *gari* hupatanishwa mara nyingi kama neno la ngeli ya I-ZI: *gari mpya*, *gari ipo katika hali nzuri*, *gari zimefika*. Matumizi haya yameenea kiasi kwamba mfasiri wa mazungumzo ya sokoni hana budi kuyaacha yalivyo ndani ya nukuu. Kumsahihisha dalali ni kumvua sauti yake. Katika maandishi rasmi, mitihani na mikataba, *gari jipya, magari mapya* ndiyo kanuni.

*Gari* lenyewe lilitoka katika lugha za Bara Hindi, likiwa na maana ya chombo chochote cha magurudumu, na ndiyo maana Kiswahili kilipata *gari la farasi*, *gari la ng'ombe* na *garimoshi* bila taabu. *Motokaa* limebaki katika vitabu na katika vinywa vya wazee.

Upya wa nani?

Kinyume cha *-pya* si *mtumba*. Kinyume chake ni *-kuukuu* na *chakavu*. Tofauti hii ndiyo inayoiwezesha maana ya pili kuishi: gari linaweza kuwa mtumba na lisiwe chakavu, na katika fikra za mnunuzi wa kawaida lisilo chakavu linakaribia kuwa jipya. *Mtumba* asili yake ni furushi au robota, hasa la nguo. Mizigo ya namna hiyo ilipita katika milima hii hii juu ya mabega ya wapagazi waliokwenda Ujiji, na watawala wa Uha waliitoza misafara *hongo*, yaani ada ya kupita nchini mwao. Stanley, aliyepita mwaka 1871, aliilalamikia sana. Baadaye *hongo* likaporomoka hadi kuwa rushwa, na *mtumba* likapanda: kutoka robota la nguo hadi nguo iliyovaliwa na mwingine, kisha hadi jokofu, simu na gari.

Magari mengi yanayonunuliwa na watu binafsi Tanzania ni mitumba kutoka Japani. Sababu moja ni usukani: Japani na Tanzania zote huendesha upande wa kushoto wa barabara, hivyo usukani huwa kulia. Sababu nyingine ni ukaguzi wa lazima wa Japani, ambao kwa gari la binafsi huanza miaka 3 baada ya usajili wa kwanza na kurudiwa kila miaka 2, kwa gharama inayomfanya Mjapani aliuze gari lake lingali na nguvu. Gari kama hilo likishuka bandarini Dar es Salaam, muuzaji hulieleza kwa maneno haya au yanayofanana nayo:

*"Mzee wangu, hili ni jipya. Halijakanyaga barabara ya Tanzania."*

Sentensi ya pili ndiyo fasili ya sentensi ya kwanza. Upya unaotajwa hapa ni upya wa gari kwa nchi, wala si umri wake. Mnunuzi anayeijua lugha hii hujibu kwa swali linalohamisha mazungumzo kutoka nchi moja hadi nyingine:

*"Nimekuelewa, kijana wangu. Na huko lilikotoka, limekanyaga miaka mingapi?"*

Namba za usajili huongeza utata. Namba za Tanzania huandikwa kwa muundo wa *T 123 ABC*, na watu hulitaja gari kwa herufi ya kwanza ya kundi la mwisho: *gari namba C*, *namba D*, *namba E*. Kadiri herufi inavyosogea mbele, ndivyo gari linavyohesabiwa kuwa jipya zaidi, na bei hupanda nayo. Lakini herufi hiyo huonyesha wakati gari liliposajiliwa Tanzania, wala haisemi lolote kuhusu mwaka wa kutengenezwa. Gari lililoundwa mwaka 2006 na kuingizwa likiwa na umri wa miaka 17 lina herufi ya mbele kuliko gari la mwaka 2012 lililoingizwa mapema. Katika tafsiri, *gari namba E* lisigeuzwe kuwa "gari la kisasa" au "toleo jipya". Tafsiri salama ni "gari lililosajiliwa nchini karibuni".

Sheria haikubaliani na yadi katika hesabu hii. Tanzania hutoza ushuru wa nyongeza kwa gari lililotimiza miaka 8 au zaidi tangu kutengenezwa, na watu huuita *ushuru wa uchakavu*. Hivyo gari lile lile huweza kuwa chakavu mbele ya afisa wa Mamlaka ya Mapato asubuhi, na jipya mbele ya mnunuzi jioni. Kenya hairuhusu kabisa kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda iliweka mpaka wa miaka 15 kwa sheria ya mwaka 2018.

Kutembea

Kiswahili hupima matumizi ya gari kwa kitenzi cha miguu: *gari limetembea kilomita 80,000*, *halijatembea sana*, *limetembea Japani tu*. Kipimo chenyewe huitwa *mita*, na kukipunguza kwa hila ni *kurudisha mita* au *kuchezea mita*. Gari lisilotembea kabisa huitwa *ziro kilomita*, na kirai hicho, ijapokuwa ni cha mitaani, kina sifa moja ambayo *gari jipya* limeipoteza: hakina maana ya pili.

Kasoro yake ni jiografia. Barabara kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma inazidi kilomita 1,200, na baada ya hapo ipo bado safari ya kupanda hadi Munanila. Gari la ziro kilomita linaloendeshwa hadi huko hufika likiwa limetembea umbali ambao gari la Unguja huenda lisiumalize kwa mwezi. Mkataba usemao "muuzaji atakabidhi Munanila gari la ziro kilomita" hauwezi kutekelezwa isipokuwa gari libebwe juu ya lori au treni. Maneno yanayofaa ni *gari lisilowahi kutumika, ambalo mita yake haitazidi kilomita zinazohitajika kulifikisha mahali pa makabidhiano*. Ni marefu, lakini yanasimama.

Wakala, yadi, kuagiza, mkononi

Mnunuzi wa Kigoma ana njia nne, na kila moja ina msamiati wake.

*Wakala* (pia *wakala rasmi*) ni kampuni iliyopewa na mtengenezaji haki ya kuuza magari yake. Mfano ni Toyota Tanzania ya Dar es Salaam. Ukumbi wake huitwa *shorumu* mitaani, na *ukumbi wa maonyesho ya magari* katika maandishi. Hapa *jipya* lina maana ya kwanza tu. Mteja hupewa *ankara kifani*, yaani hati ya bei inayotolewa kabla ya mauzo, ambayo benki, shirika au halmashauri huitumia kuidhinisha malipo. Wateja wengi wa milango hii ni taasisi, na yapo magari mengi yanayofika Kibondo na Kasulu kwa njia hii yakiwa na nembo ya mradi mlangoni. Mkulima wa kahawa haonekani huko mara kwa mara.

*Yadi* ni uwanja wa kuuzia magari, hasa mitumba iliyokwisha kugombolewa. Hapa ndipo maana ya pili inapotawala. Katika yadi mtu wa kwanza kumpokea mteja huenda asiwe mwenye mali bali *dalali*, mtu wa kati anayelipwa *udalali*. Neno hili la Kiarabu halina ubaya kwa asili. Ubaya huanza pale dalali anapojiita mwenye gari. Kitenzi kinachofaa kumchunguza ni *kumiliki*: "Nani anamiliki gari hili?" humlazimisha kujibu, ilhali "Gari hili ni lako?" hujibiwa kwa kicheko.

*Kuagiza* ni kununua moja kwa moja kutoka ng'ambo, siku hizi kwa intaneti, na kusubiri meli. Bei hutajwa kama *bei ya CIF*, yaani bei ya gari pamoja na bima na nauli hadi bandarini, bila ushuru wala kodi. Wengi hudhani hiyo ndiyo bei ya mwisho. Baada yake hufuata *kugomboa*. Maana ya zamani ya kitenzi hiki ni kukomboa kitu kilichowekwa rehani, na maana ya leo, kulipa ushuru na gharama ili mzigo utoke bandarini, imebaki na ladha ile ile: kitu ni chako, lakini kimeshikwa. Anayefanya kazi hiyo kwa niaba ya mteja ni *wakala wa forodha*. Msomaji ataona kwamba *wakala* hapa si yule wa shorumu. Mfasiri aliyeandika "wakala" peke yake katika maelezo ya ununuzi wa gari amewachanganya watu wawili ambao mteja huwalipa kwa sababu tofauti.

*Mkononi* ni kununua kutoka kwa mmiliki aliyelitumia gari nchini: *gari la mkononi*. Magari mengi madogo yanayobeba abiria katika barabara za vumbi za nyanda za juu za Kigoma yamepita mikono kadhaa kwa njia hii. Hapa *jipya* halisemwi, ila kwa maana ya tatu, na mara nyingi kwa mzaha.

Mlolongo wa ununuzi

Katika yadi, kazi ya mteja huanza kwa *kukagua*. Mnunuzi makini huenda na *fundi* wake, kwa kuwa fundi aliyeletwa na muuzaji hukagua akitazama upande mmoja. Maneno ya fundi yana uzito wa kiufundi, wala hayafai kutafsiriwa kama mapambo. *Injini haijafunguliwa* ina maana kwamba injini haijawahi kufumuliwa kwa matengenezo makubwa. *Rangi ya kiwandani* ina maana kwamba bodi haijapakwa upya, na kwa hiyo huenda gari halijapata ajali. Pia fundi hulinganisha *namba ya chesisi* iliyogongwa kwenye bodi na ile iliyo kwenye hati. Zikipishana hata kwa tarakimu moja, ukaguzi mwingine wote hauna maana.

Hufuata *maelewano*. Tangazo lisemalo *maongezi yapo* linatangaza kwamba bei iliyoandikwa si ya mwisho. *Bei haina maongezi* ni kinyume chake, ingawa mara nyingi hiyo nayo huwa na maongezi.

Kisha *arbuni*. Hili ni neno la thamani linalopotea. Ni fedha inayotangulizwa kuthibitisha kwamba mnunuzi ameazimia kununua. Kwa desturi ya biashara za pwani mnunuzi akighairi huipoteza. Siku hizi wengi husema *kianzio*, *malipo ya awali* au *advansi*, na kwa kubadilisha neno wamebadilisha pia matarajio. *Kianzio* ni sehemu ya kwanza ya bei, na hakisemi lolote kuhusu kughairi. Mnunuzi aliyetoa "kianzio" huamini kwamba atarudishiwa fedha zake akibadili nia. Muuzaji aliyezipokea kwa fikra ya arbuni huamini kwamba ni zake. Ugomvi unaotokea hapo huonekana kuwa wa tabia, kumbe ni wa msamiati. Stakabadhi itaje jambo lenyewe: *fedha hizi zitarudishwa* au *hazitarudishwa mnunuzi akighairi*.

*Dhamana* ni mtego mwingine, na pengine mbaya kuliko yote. Neno hili lina maana ya ahadi ya mtengenezaji kurekebisha hitilafu kwa muda fulani. Lina pia maana ya mali iliyowekwa kwa mkopeshaji ili kulinda deni, na ya kumtoa mshtakiwa mahabusu. Sentensi *gari hili lina dhamana* inaweza kuwa habari njema au onyo la kukimbia. Kwa maana ya kwanza, waandishi wanashauriwa kutumia *waranti* au *udhamini wa mtengenezaji*; kwa maana ya pili, *gari limewekwa dhamana ya mkopo* au *limewekwa rehani*, pamoja na jina la mkopeshaji.

Malipo yakikamilika, mnunuzi hudai *stakabadhi* ya mashine ya kielektroniki, ambayo watu huiita *risiti ya EFD*, na kisha *kadi ya gari*, yaani hati ya usajili inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania. *Kupewa kadi* na *kuhamisha umiliki* ni mambo mawili. Mtu anaweza kuifungia kadi kabatini kwa miaka 5 huku jina lililo juu yake ni la mtu mwingine, na faini, kodi na kesi za gari hilo zikamfuata mwenye jina.

Mauziano ya mkononi vijijini huandikwa mara nyingi mbele ya mtendaji wa kijiji na mashahidi wa pande zote mbili. Kitendo hiki huitwa *kuandikishana*. Kauli ya kutendana hapa imechaguliwa vizuri: kila mmoja amemwandikisha mwenzake. Hata hivyo, kuandikishana ni ushahidi wa mauziano, wala hakubadili jina katika kadi.

Katika mkataba

Kwa nini mwalimu au mfasiri ajisumbue na haya yote? Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kinachouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Maelezo ni maneno. Mkataba ukisema *gari jipya*, swali la kwanza mahakamani litakuwa neno hilo lina maana gani, na jibu linaweza kuwa mamilioni ya shilingi. Mahakama za mwanzo zimeendesha mashauri kwa Kiswahili kwa miaka mingi. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama kwa jumla. Mfasiri wa mkataba hawezi tena kujificha nyuma ya nakala ya Kiingereza.

Linganisha:

*Muuzaji anamuuzia mnunuzi gari jipya aina ya Toyota Probox.* (Haifai.)

*Muuzaji anamuuzia mnunuzi gari aina ya Toyota Probox, lililotengenezwa mwaka 2014, lililotumika Japani, lenye mita inayosoma kilomita 96,400 siku ya mkataba huu, na ambalo halijasajiliwa kwa jina la mtu mwingine nchini Tanzania.* (Inafaa.)

Katika sentensi ya pili kivumishi *-pya* hakimo, wala hakihitajiki. Kila kitu ambacho muuzaji wa yadi alikusudia kusema kimesemwa, pamoja na kile alichotaka kukinyamazia.

Pale maana ya kwanza inapokusudiwa kweli, *gari jipya* liungwe mkono na maelezo: *gari jipya lisilowahi kutumika* au *gari jipya kutoka kiwandani*. *Jipya kabisa* halitoshi, kwa sababu *kabisa* huongeza msisitizo bila kuongeza habari; muuzaji wa mtumba mzuri hulitumia bila kusita. *Kama jipya* ni kirai cha haki zaidi, maana *kama* hukiri kwamba si jipya.

Tofauti za mahali

Kadi ya gari ya Tanzania huitwa *logibuku* nchini Kenya, na mfasiri anayehudumia nchi zote mbili ataje hati kwa kazi yake: *hati ya usajili wa gari*. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo gari ni *motokari*, na mkalimani wa Kasulu atalisikia bila kuvuka ziwa, kwa kuwa kambi ya Nyarugusu imepokea Wakongomani tangu mwaka 1996. Kwa wasemaji hao *gari* linaeleweka, lakini halitangulii mdomoni. Ng'ambo ya mpaka wa Manyovu, Burundi huendesha upande wa kulia, hivyo kwa mnunuzi wa Munanila anayepima gari lililotoka upande ule, *usukani kulia* au *usukani kushoto* ni habari ya kwanza kuulizwa, hata kabla ya bei.

*Tazama pia:* arbuni, chakavu, dalali, dhamana, gomboa, -kuukuu, mtumba, rehani, stakabadhi, yadi.